Anayeaga Kazi Shuleni: Tumwulize Nini, na Nani Amwulize

Ndugu wakuu wa shule, wajumbe wa bodi, na ninyi wahasibu mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kunialika.

Nimekuwa mkuu wa shule ya bweni ya binafsi kwa miaka mingi. Kila aliyeacha kazi nilimwita ofisini, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza, "Kwa nini unatuacha?" Karibu wote walinijibu, "Mkuu, ni mambo ya familia tu." Nikaandika hivyo. Faili likajaa mambo ya familia.

Hebu mtazameni aliyekaa kwenye kile kiti. Mshahara wake wa mwisho haujaingia. Cheti chake cha utumishi hakijasainiwa. Akiomba kazi shule nyingine, simu ya kumwulizia itapigwa kwangu. Ataanzaje kunieleza ubaya wa ofisi yangu, na kalamu ninayo mimi?

Cheti hicho ni haki yake kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Basi apewe kwanza, pamoja na stahiki zake, ndipo aulizwe. Na anayeuliza asiwe mkuu. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Ndani ya siku hizo, mjumbe wa bodi wa kukaa naye nusu saa hawezi kukosekana. Wapishi, madereva na walinzi nao waulizwe, maana wao huona shule saa ambazo sisi tumelala.

Hilo nilifundishwa na matroni. Aliaga vizuri, akakabidhi shuka, ndoo na daftari la wagonjwa. Kwangu alisema anakwenda kumwuguza mama yake. Getini, akisubiri bodaboda, akamwambia mlinzi, "Siwezi tena kulala na watoto sitini nyuma ya kufuli."

Mlinzi alikaa na maneno yale wiki mbili kabla hajanifikishia. Usiku ule nikaenda bwenini na tochi. Mlango wa nyuma umetiwa kufuli kwa nje, na ufunguo analala nao mtu anayekaa ng'ambo ya uwanja. Kule shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, mwaka 2001 moto uliua wanafunzi 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yana nondo. Nilisimama pale miguu ikaniisha nguvu. Matroni alikuwa amelisema jambo hilo kwa msaidizi wangu mara mbili, na mimi sikuwahi kulisikia.

Tangu hapo swali la "kwa nini" tukaliweka kando. Tukauliza: jambo gani ulilisema hapa halikufanyiwa kazi? Ulimwambia nani? Lini uliamua kunyamaza? Hilo la tatu ndilo huwafungua watu. Wengi huinama kwanza, kisha wanataja mwezi kabisa. Majibu yanafika kwenye bodi bila jina, ila anaambiwa mapema kwamba likihusu usalama wa mtoto halitafichwa. Mmoja akilalamikia idara fulani, huenda ni hasira zake. Wakilalamika watatu ndani ya mwaka, bodi iende ikaone.

Kufuli lile tulilitoa usiku uleule. Asubuhi nikampigia matroni simu kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, halafu akauliza, "Na waya wa taa ulioachwa wazi pale juu ya vitanda vya kidato cha kwanza, Mkuu, umeuona?"