Tansiyo ya mimba inaanzia kwenye kondo

Wakunga, wauguzi, na ninyi wamama mliokuja na karatasi zenu za CPN, kliniki ya wajawazito, jambo sana.

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, mjamzito akivimba miguu jirani husema ana tansiyo, yaani shinikizo la damu. Asipovimba, husema yuko salama. Miguu hudanganya. Wajawazito wengi wazima huvimba miguu jioni, na kifafa cha mimba humpata pia mama asiye na uvimbe wowote. Uvimbe wa kutia shaka ni wa ghafla, wa usoni na mikononi: pete iliyokuwa inatoka vizuri juma lililopita, leo imekwama.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, chembe za kondo huingia katika mishipa midogo ya tumbo la uzazi na kulegeza kuta zake, ili ipanuke na kupitisha damu nyingi. Kwa wengine kazi hiyo inafanyika nusunusu. Mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu, nalo linamwaga kwenye damu ya mama protini zinazoumiza utando wa ndani wa mishipa yake. Mishipa ya mwili mzima inajikaza na kuvuja. Figo zinaachia protini kwenye mkojo, ini linavimba, ubongo unaingia maji. Si mapepo, wala hakuna aliyemroga. Na dawa ya tansiyo inazuia mshipa wa ubongo usipasuke, lakini ugonjwa haupoi mpaka kondo litoke.

Walio hatarini zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, waliozidi miaka 35, wanene, wenye kisukari au ugonjwa wa figo, wenye tansiyo ya zamani, na aliyewahi kuipata katika mimba iliyopita. Huyu wa mwisho asisubiri tumbo lionekane ndipo aje: aspirini ya miligramu 75 kwa siku inafaa ianze karibu na wiki ya 12. Kalisi (kalsiamu) nayo inasaidia pale chakula kinapopungukiwa nayo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wakiliwa wazima na mifupa yao, wanayo.

Sasa kipimo. Mama amepanda mlima na mzigo. Mkimpima akiwa bado anahema mnapima mlima. Akojoe, aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Avue triko, yaani sweta. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo. Ikifika 140/90, rudia baada ya saa 4. Iliyokuwepo kabla ya wiki ya 20 ni tansiyo ya zamani. Iliyoanza baadaye, peke yake, ni tansiyo ya mimba. Ikija na protini kwenye mkojo ni prieklampsia, ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Na hata bila protini, ikiwa plateleti, chembe za kugandisha damu, zimeshuka chini ya 100,000 au figo na ini vimeguswa, ni hiyohiyo. Ikifika 160/110 ni dharura: msisubiri saa 4, rudieni baada ya dakika chache na muanze dawa ya tansiyo.

Bandeleti, vijikaratasi vya kupimia mkojo, zikiisha, msikae mikono mitupu. Jazeni mkojo robo tatu ya tyubu ya kioo, mchemshe nusu ya juu tu, mlinganishe na ya chini. Ukiwa na ukungu, tieni tone moja au mawili ya asidi ya siki ya asilimia 2 hadi 3. Ukungu ukiondoka ni chumvi za kawaida. Ukibaki ni protini.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni hili: mama analalamika maumivu chini ya chembe ya moyo, upande wa kulia, anatapika, anapewa dawa ya gastriti na kurudishwa nyumbani. Hilo ni ini linavimba. Kichwa kisichosikia parasetamoli, macho yanayoona ukungu au vimulimuli, vyote ni mlango wa kifafa. Na mjamzito akitikisika, tibuni kifafa cha mimba kwanza. Malaria ipimwe wakati dawa tayari imeingia.

Dawa ni magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa polepole, si chini ya dakika 5, kisha gramu 5 kila tako. Mpeni kabla hajapanda gari la kumhamisha. Dozi inayofuata, gramu 5 kila saa 4, isitolewe kama goti halirukiruki likigongwa, pumzi ziko chini ya 16 kwa dakika, au mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Kalisi glukoneti gramu 1 iwe kando ya kitanda, kwa pumzi zikififia.

Akiisha kuzaa msimwachie mlango upesi. Tansiyo hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati wageni wamejaa nyumbani na mama anaambiwa kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi. Siku hizo apimwe.