Vidonge vya Prednisoloni na Ugonjwa wa Crohn: Mhadhara Uliotolewa Tabora Mjini

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliotoka Urambo na Sikonge, asanteni kwa kuja. Nataka tuzungumze hasa juu ya prednisoloni, vile vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, ambavyo wengi wananunua dukani bila cheti cha daktari.

Ugonjwa wa Crohn unaitwa kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York, aliyeueleza na wenzake wawili mwaka 1932. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo, mara nyingi pale utumbo mwembamba unapoishia. Mgonjwa anaharisha wiki nenda wiki rudi, tumbo linamkata, anakonda.

Akipewa prednisoloni, mara nyingi anapata nafuu upesi, hamu ya kula inarudi. Hapo ndipo anaponasa. Warina asali mtanielewa: moshi unatuliza nyuki, hauwahamishi mzinga. Ukivimeza mwezi baada ya mwezi, mifupa inadhoofika, sukari inapanda, uso unavimba. Na ukiviacha ghafla, mwili uliokwisha acha kujitengenezea homoni yake unaweza kuzimia, hata kufa. Vinapunguzwa kidogo kidogo.

Dawa za kuushikilia ugonjwa kwa muda mrefu ni nyingine. Azathioprini inachelewa, miezi miwili au mitatu, basi msiitupe mapema. Damu ipimwe mara kwa mara, maana inashusha chembe nyeupe. Mwenye gauti, yaani jongo, anayemeza dawa yake ya alopurinoli aseme kabla: dawa hizi mbili zikikutana bila dozi kupunguzwa, uboho unaumia. Methotreksati hapewi mjamzito. Halafu kuna infliksimabu, ya kuingizwa kwa dripu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, na adalimumabu ya kuchoma chini ya ngozi. Bei yake inaniuma kila ninapoitaja.

Lakini kabla ya yote hayo, TB. TB ya utumbo hupenda kukaa palepale inapokaa Crohn, na dalili zake zinafanana mno. Mwenye TB ukimpa prednisoloni peke yake, unampa adui nafasi. Infliksimabu nayo huweza kuamsha TB iliyolala mwilini miaka mingi. Kwa hiyo dai vipimo: makohozi, picha ya kifua, na ikiwezekana kinyama cha utumbo kichukuliwe kwa kamera kikapimwe. Choo pia, kwa sababu kuna minyoo ya strongiloidi ambayo, chini ya prednisoloni, huzaliana na kusambaa mwili mzima.

Ndugu wakulima wa tumbaku, kilimo ni riziki yenu na siigusi. Ila mgonjwa wa Crohn anayevuta sigara, ugonjwa humrudia zaidi na kisu cha upasuaji humfikia mapema. Asivute.

Na kama yupo hapa anayemeza prednisoloni zaidi ya wiki tatu, asiziache leo. Abaki tukimaliza, tuangalie dozi yake na kliniki ya kumpeleka.