Raundi ya bustani mwezi wa kumi: tazama kwanza, dawa baadaye

Karibuni. Tuko mwezi wa kumi, jua la Mbeya limeshakuwa kali, usiku bado una ubaridi wake, na mvua tunaitegemea Novemba. Leo bomba la dawa libaki stoo. Tunazunguka bustani ya nyumbani, maua na mboga, na vifaa vyetu ni kisu kidogo, kipande cha uzi, na miwani kwa anayeihitaji. Mengi yanayoitwa ugonjwa mwezi huu si ugonjwa.

Tunaanza na maboga kwa sababu hayasubiri. Ua la boga hufunguka alfajiri, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi limeshajikunja. Likijikunja halifunguki tena. Sogea uone. Ua hili lina kikonyo kirefu, chembamba, kilichonyooka hadi kwenye petali: hili ni dume. Hili la pili kikonyo chake ni kifupi, na chini ya petali kuna kiboga kidogo kama gololi: hili ni jike. Mmea wa boga hutanguliza madume, wiki moja hata mbili kabla majike hayajaanza. Kwa hiyo maua ya mwanzo yakidondoka yote, mmea hauna kosa lolote. Chuma baadhi, yapikwe pamoja na majani ya maboga, ila bakiza ya kutosha.

Tatizo ni pale kiboga kinapogeuka njano nchani na kuoza kikiwa na ukubwa wa kidole gumba. Hapo chavua, yaani unga wa ua dume, haikufika, au ilifika kidogo. Asubuhi za huku zina baridi, nyuki huchelewa kutoka, na wakitoka ua linakaribia kufunga. Basi ifanye kazi yao kati ya saa moja na saa tatu:

Kwanza, chuma ua dume lililofunguka leo. Gusa mchi wake wa katikati kwa kidole. Ukiona unga wa njano, linafaa. Likiwa na umande mwingi subiri kidogo, kwa sababu chavua iliyolowa hushikana mabonge. Pili, bandua petali zote ubaki na mchi kama brashi. Tatu, paka unga huo kwenye kichwa cha ua jike, na uzungushe pande zote. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanagusa upande mmoja na kuondoka. Kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua, na upande usiopata mbegu haukui, ndiyo maana unaona boga limepinda. Tumia madume mawili kwa jike moja kama yapo. Nne, funga uzi kwenye kikonyo uwe na alama. Siku ya tatu au ya nne kiboga kilichoshika kinakuwa kimeanza kunenepa.

Nyanya. Geuza tunda, tazama kitako. Baka hili jeusi, limebonyea, kavu kama ngozi, ndilo linalopelekea watu dukani kununua dawa ya ukungu. Dawa hiyo haisaidii. Hakuna kimelea hapa. Tunda limekosa madini ya kalisi (kalsiamu) lilipokuwa dogo, na mara nyingi kalisi imo udongoni. Kalisi husafiri na maji. Ukimwagilia sana Jumatatu, ukasahau hadi Ijumaa, safari hiyo inakatika, na kitako cha tunda, kilicho mbali kabisa na mizizi, ndicho kinachoumia. Urea nyingi huzidisha tatizo, kwani majani hukua haraka na kuvuta maji yote kwao. Na maganda ya mayai? Yatupe tu kwenye mboji. Huvunjika polepole mno kuokoa tunda la msimu huu.

Tiba ni ratiba. Tuta la mita 1 kwa mita 5 lipe ndoo saba za lita 20 kwa wiki: mbili, mbili, kisha tatu, kwa siku zilizoachana sawa. Mwagia kwenye shina, si juu ya majani. Saa moja baadaye chimba kwa mkono hadi sentimita 15. Kama chini bado ni vumbi, ulilowesha uso tu. Hilo hutokea sana kwenye udongo mwepesi wa majivu ya volkano kama wa Mbeya na Tukuyu. Kisha weka matandazo unene wa sentimita 5 hadi 7: nyasi kavu, maganda ya maharage, au pumba za mpunga kama una mtu wa kukuletea kutoka Usangu. Maranda nayo yanafaa, lakini yabaki juu. Ukiyachanganya na udongo yatakula naitrojeni ya mboga zako. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Matunda yenye baka yachume, kata kitako, sehemu nzima inaliwa.

Hapa kwenye waridi, angalia jani. Limekatwa ukingoni nusu duara, safi kama kwa mkasi. Kiwavi hali hivyo. Kiwavi huacha kingo zilizochanika na kinyesi cheusi. Huyu ni nyuki mkata majani, anabeba kipande kwenda kutengeneza vyumba vya mayai yake. Waridi halitakufa, na nyuki huyo anakuchavushia mboga. Muache.

Sukumawiki: pindua jani. Wadudu mafuta wa kijivu, wenye unga kama majivu, wamekaa kundi. Kabla ya kuwaua tafuta vitu viwili. Wadudu mafuta waliovimba, rangi ya kahawia, wakavu kama karatasi: ndani yao kuna nyigu mdogo anayekua, na akitoka ataendelea na wenzao. Na kamdudu kadogo, keusi, kana madoa ya chungwa na umbo la mamba mdogo: huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa. Wengi humponda wakidhani ni adui, kumbe yeye anakula wadudu mafuta kutwa nzima. Ukiwakuta wote wawili, subiri wiki.

Usipowakuta, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu majani mawili, kaa siku moja. Yasipoungua, puliza jioni chini ya majani. Sabuni huua mdudu aliyelowa tu, ikikauka haina kazi, kwa hiyo rudia baada ya siku nne au tano. Pareto yetu ya huku nayo inaua vizuri, na jua huivunja haraka, lakini kuwa ya asili hakuifanyi kuwa salama kwa nyuki. Nayo ni ya jioni, nyuki wakisharudi.

Mwisho ni miche iliyokatwa chini kabisa na kuachwa imelala. Aliyeikata ni sota, kiwavi wa udongoni, na mchana humwoni. Fukua kwa kidole sentimita 3 hadi 5 kuzunguka mche ulioanguka: yuko pale, wa kijivu, amejikunja. Kwa miche iliyobaki, kata chupa ya plastiki upate pete za sentimita 8, uzamishe sentimita 3 ardhini, mche ukiwa katikati. Hakikisha hujamfungia sota ndani ya pete. Kisha saa tatu usiku toka na tochi na kopo lenye maji ya sabuni, upite tuta moja moja ukiwaokota.