Faida Imepanda, Fedha Iko Wapi? Mazungumzo ya Moshi Kuhusu Hesabu za Kampuni na Mwenye Hisa

MWALIMU: Karibuni wasikilizaji wetu. Tunarekodi kipindi hiki hapa Moshi. Mimi ninafundisha uhasibu, na mwenzangu ni dada yangu anayefanya biashara ya nafaka katika Soko la Mbuyuni, ambaye pia ana hisa za kampuni kadhaa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Swali letu leo ni moja: hesabu ambazo kampuni huzitangaza zinamsaidia nini mtu aliyeweka akiba yake kwenye hisa?

DADA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, dada yangu.

DADA: Swali hilo ni langu, na nina sababu ya kuliuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua hisa za kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa faida yake ilikuwa imepanda miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne wanahisa hatukupata gawio hata senti. Nilipozirudia zile taarifa za zamani, nikakuta jibu lilikuwa limeandikwa humo muda wote, isipokuwa lilikuwa katika ukurasa ambao sikuufungua. Iliniuma sana, kwa sababu ile ilikuwa fedha ya ada za watoto.

MWALIMU: Pole sana. Ni ukurasa upi?

DADA: Wa mtiririko wa fedha. Faida ilikuwa ikipanda, lakini fedha zilizotokana na shughuli za biashara zilikuwa zikipungua kila mwaka, na kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, kiasi ambacho kampuni inawadai wateja kilikuwa kikiongezeka haraka kuliko mauzo yenyewe.

MWALIMU: Wewe una nafasi nzuri ya kulielewa jambo hilo kuliko wanafunzi wangu wengi, kwa sababu unatoa na kupokea mali kauli. Ukimpa mwenye duka magunia 20 ya maharage leo, mkakubaliana akulipe baada ya mwezi, mhasibu anayaandika kuwa mauzo leo hii, na faida yake inahesabiwa leo hii, ingawa mkononi huna kitu. Utaratibu huo ni halali, na kwa kawaida unaonyesha hali ya biashara vizuri kuliko kuhesabu noti zilizoingia tu. Ila zingatia tofauti hii: ikiwa mmeafikiana kwamba mzigo usipouzika ataurudisha, basi hayo hayajawa mauzo, na kampuni inayoyaandika kuwa mauzo inakosea.

DADA: Kwa hiyo faida ina sehemu mbili: ile ambayo fedha yake imeshaingia, na ile ambayo bado ni ahadi.

MWALIMU: Ndivyo, na tofauti ya sehemu hizo imepimwa. Mwaka 1996 mtafiti Richard Sloan alichapisha utafiti wa kampuni za Marekani ulioonyesha kwamba sehemu ya faida inayotokana na fedha taslimu hudumu zaidi katika miaka inayofuata, na ile inayotokana na makadirio na ahadi hufifia mapema. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba bei za hisa zilikwenda kana kwamba wawekezaji hawakuitambua tofauti hiyo, wakati takwimu zote zilikuwa wazi mbele yao. Kilichokupata wewe kiliwapata watu wenye ofisi New York.

DADA: Sasa nina pingamizi. Kampuni ikifunga mwaka tarehe 31 Desemba, taarifa iliyokaguliwa hutufikia miezi kadhaa baadaye. Wakati huo kila mwenye habari ameshanunua au ameshauza. Mimi nasoma habari ya jana.

MWALIMU: Pingamizi lako ni zito, na lina umri wa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1968 Ray Ball na Philip Brown walichunguza kampuni 261 za Soko la Hisa la New York. Waliona kwamba kampuni iliyokuja kutangaza faida nzuri kuliko ilivyotarajiwa, bei ya hisa yake ilikuwa imeanza kupanda tangu takriban miezi 12 kabla ya tangazo. Na iliyokuja kutangaza faida mbaya, bei ilikuwa ikishuka muda huohuo. Kwa makadirio yao, asilimia 85 hadi 90 ya ujumbe wa taarifa ya mwaka ilikuwa imeshafika sokoni kwa njia nyingine kabla ya taarifa yenyewe.

DADA: Hilo silishangai hata kidogo. Mkulima wa Kibosho anayesubiri malipo ya pili ya kahawa hangoji chama cha ushirika kifunge hesabu ndipo ajue msimu ulikuwaje. Amesikia bei za mnadani, ameona kilo zilizopelekwa kiwandani kukobolewa, na anajua mvua ilinyesha lini. Hesabu ikija, ameshakisia.

MWALIMU: Umeeleza utafiti mzima kwa mfano mmoja. Lakini mkulima huyo anawezaje kukisia vizuri, na kwa nini chama hakithubutu kumwambia lolote kinachopenda katikati ya msimu?

DADA: Kwa sababu mwishoni hesabu zitakuja, na mkaguzi atazipitia.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya hesabu, na mimi hulisisitiza jambo hili darasani hadi wanafunzi wachoke. Mkurugenzi anayezungumza na magazeti mwezi Agosti huchunga ulimi wake kwa kuwa anajua mwezi Machi atawekwa wazi. Ukiziondoa hesabu zilizokaguliwa, zile habari za mapema zilizobeba asilimia 85 nazo zinakosa nanga, kwa sababu hakuna tena cha kuzipimia. Isitoshe, si kweli kwamba tangazo lenyewe halina uzito. Mwaka huohuo wa 1968 William Beaver alionyesha, kwa kampuni za Marekani vilevile, kwamba katika wiki ya tangazo idadi ya hisa zinazouzwa na kununuliwa iliongezeka kwa takriban theluthi moja juu ya kawaida. Watu hawahangaiki kununua na kuuza kwa ajili ya karatasi isiyo na jipya.

DADA: Lakini New York si Dar es Salaam. Soko letu lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi za viwandani, na hadi leo zipo hisa zinazopitisha siku nyingi bila mnunuzi wala muuzaji. Unaweza kumpigia dalali ukaambiwa bei ni ileile ya mwezi uliopita.

MWALIMU: Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya mwekezaji wa hapa kusoma hesabu kwa bidii zaidi. Penye biashara nyingi, bei yenyewe inakueleza wengine wanafikiri nini. Penye ukimya, bei ya hisa inaweza kuwa kumbukumbu ya muamala mmoja wa zamani, na taarifa ya kampuni ikawa habari mpya kuliko bei. Na kama kuuza ni kazi, basi uamuzi wa kununua unahitaji uangalifu maradufu.

DADA: Tuzungumzie benki, maana wasikilizaji wetu wengi wana hisa za NMB au CRDB, zilizoorodheshwa mwaka 2008 na 2009.

MWALIMU: Benki zina wepesi mmoja: hutangaza hesabu kila robo mwaka, na hizo huchapishwa magazetini. Ugumu wake ni kwamba faida ya benki inategemea mno kadirio moja, yaani kiasi gani cha mikopo hakitarudi. Kwa kanuni za zamani benki ilisubiri dalili kwamba hasara imeshatokea ndipo itenge fedha. Tangu tarehe 1 Januari 2018, kwa kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 9 (IFRS 9), inapaswa kukadiria hasara inayotarajiwa tangu siku ya kutoa mkopo. Tena sikiliza hili kwa makini: wakati wa kuhama kutoka kanuni moja kwenda nyingine, nyongeza ya tengo, yaani fedha inayotengwa kwa ajili ya mikopo isiyorudi, iliruhusiwa kukatwa moja kwa moja kwenye faida iliyolimbikizwa ya miaka ya nyuma, bila kupitia faida ya mwaka. Aliyetazama faida ya 2018 peke yake hakuiona. Aliyesoma taarifa ya mabadiliko ya mtaji aliiona.

DADA: Mambo yanayobadili fedha ya mtu yanakaa kwenye kurasa ambazo hazivutii macho.

MWALIMU: Mara nyingi ndivyo ilivyo, na si katika benki tu. Chukua mashamba yetu haya. Kabla ya mwaka 2016, kampuni yenye shamba la chai au kahawa ilitakiwa kuthaminisha hata miti yenyewe kila mwaka kwa bei ya soko, na ongezeko la thamani likaingia kwenye faida. Kampuni ingeweza kutangaza faida iliyotokana na mthamini kubadilisha dhana yake kuhusu bei za miaka ijayo, bila kuuza kilo moja zaidi. Tangu 2016 miti izaayo inaandikwa kama mashine: kwa gharama yake, ikipungua kwa uchakavu. Mazao yaliyo juu ya mti bado huthaminiwa kwa bei ya soko. Kwa hiyo unapolinganisha miaka kumi ya kampuni ya kilimo, hakikisha unalinganisha kitu kimoja.

DADA: Na vitu visivyoandikwa kabisa je? Jina la bia ambalo kila mtu analijua halimo kwenye mizania.

MWALIMU: Halimo, ikiwa kampuni yenyewe ndiyo iliyolijenga. Likinunuliwa kutoka kwa mwingine ndipo linaandikwa. Hilo ni pengo la kweli, na ni mojawapo ya sababu za bei ya hisa kuwa juu ya thamani iliyo vitabuni. Pengo hilo mhasibu hawezi kukuzibia; hapo macho yako ya Mbuyuni yanaona zaidi yangu.

DADA: Basi nikushike kwenye jambo la vitendo. Nina ripoti hapa ya kurasa zaidi ya 100, na jioni moja tu ya kuisoma. Nianzie wapi?

MWALIMU: Ruka picha na salamu za mwenyekiti. Anza na maoni ya mkaguzi, hasa sehemu anayotaja mambo yaliyomsumbua zaidi katika ukaguzi, kwa kuwa hapo anakuonyesha makadirio makubwa yako wapi. Kisha weka faida ya miaka mitano pembeni ya fedha zilizotokana na shughuli za biashara kwa miaka hiyohiyo. Baada ya hapo fungua maelezo ya wadaiwa, uone madeni yaliyopita siku 90 ni kiasi gani na mwaka jana yalikuwa kiasi gani.

DADA: Subiri, ninayo hapa. Ukurasa wa 87. Yameongezeka mara mbili.

MWALIMU: Na mauzo?

DADA: Yameongezeka kwa asilimia 6.

MWALIMU: Basi andika swali hilo, uende nalo kwenye mkutano mkuu wa wanahisa.