Tatizo Liko Chini ya Theluji Mpya

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Leo nazungumzia maporomoko ya theluji milimani. Naomba tuanze na hesabu ndogo. Tuko kwenye milima ya Colorado, Marekani, mwezi wa Januari. Usiku hewa imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ardhi iliyofunikwa na theluji haipoi kiasi hicho, hukaa karibu na sifuri msimu mzima. Katikati kuna theluji ya sentimita 60. Tofauti ya nyuzi 20 imebanwa ndani ya sentimita 60, yaani zaidi ya nyuzi 33 kwa kila mita. Ikishapita nyuzi 10 kwa mita, theluji huanza kuharibika kuanzia chini.

Inaharibikaje? Mvuke hutoka kwenye chembe za chini zenye joto, ukapanda na kuganda kwenye chembe za juu zilizo baridi zaidi. Chembe hunenepa, huota pembe, na vifungo vilivyozishikanisha hukatika. Ukiteka kidogo mkononi na kuifinya, haifanyi donge. Inachuruzika vidoleni kama sukari, na wenyeji huiita hivyo hivyo, theluji ya sukari. Theluji hiyo hiyo ingekuwa na kina cha mita 2, tofauti ingekuwa nyuzi 10 tu kwa mita, na madhara yangepungua sana. Kwa hiyo theluji haba ya Oktoba na Novemba ndiyo ya kuogopa, na Colorado, yenye theluji nyembamba na baridi kavu, inaongoza Marekani kwa vifo vya maporomoko.

Sasa upepo unakuja. Unakwangua theluji upande unakotokea na kuilundika upande wa pili wa mgongo wa mlima, ikiwa imesagika na kushikamana kama bamba. Bamba gumu juu, sukari chini. Mtu akipita juu yake, sukari inaporomoka chini ya uzito wake, ufa unakimbia ndani ya tabaka hilo, na bamba zima linateleza. Anaweza kuwa amesimama mahali tambarare chini ya mteremko, na bado akauangusha mteremko ulio juu yake. Wengi wanaonaswa, bamba lililowafunika limevunjwa na wao wenyewe au na wenzao.

Mabamba huvunjika hasa kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Pima kwa kifaa, macho hudanganya. Ukisikia mguno mzito chini ya miguu, theluji ikatitia, au ukaona nyufa zikikimbia kutoka kwenye skii zako, usitafute ushahidi mwingine. Ondoka kwenye mteremko huo, na usikae chini yake.

Taarifa ya hatari ya maporomoko ina ngazi 5. Ngazi ya 3 huwaponza wengi kwa sababu iko katikati, nao huichukulia kama wastani. Sivyo. Katika ngazi hiyo, mtu mmoja kuangusha mteremko ni jambo la kutarajiwa.

Kipimo cha shimoni, cha kuona kama tabaka la chini litavunjika, kinasaidia, ila kina mipaka. Chimba, kisha tenga nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na unene wa 30. Laza beleshi juu ya ncha moja. Gonga mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ufa ukivuka nguzo nzima, acha mteremko huo. Usipovuka, hujathibitisha usalama. Umepima sentimita 90 tu, na hatua chache kutoka hapo, penye mwamba uliofunikwa kidogo, hali inaweza kuwa nyingine kabisa.

Kila mtu abebe kitoa ishara cha kilohezi 457, yaani kifaa cha redio kinachowawezesha wenzake kumtafuta chini ya theluji, kimewashwa na kuvaliwa mwilini, wala si mkobani, pamoja na fimbo ndefu ya kuchoma ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi la chuma. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, kwa kawaida huishi. Zikifika 35, wengi wamekwisha kukosa hewa. Msaada kutoka bondeni haufiki kwa muda huo, kwa hiyo waokoaji ni ninyi mliosimama pale.

Mtu akifukiwa, wote waliobaki juu wageuze vitoa ishara vyao vipokee ishara yake. Asiyefanya hivyo anawavuruga wenzake. Karibu na mahali penyewe, shusha kifaa hadi usawa wa theluji, usikizungushe, tafuta namba ndogo kabisa ya umbali kinayoonyesha. Choma fimbo kwa kuzunguka kutoka hapo, sentimita 25 kila hatua. Ikigusa mwili, iache palepale. Msichimbe wima juu yake, maana mtamkanyaga na kubomoa nafasi ndogo ya hewa aliyonayo. Shukeni mteremkoni umbali wa mara moja na nusu ya kina cha fimbo, mchimbe kuelekea kwake. Theluji iliyoporomoka hukazana kama zege, mita moja ya mchemraba inaweza kufika kilo 400, kwa hiyo pokezaneni mbele kabla mchimbaji hajachoka. Ukiona nguo, usimvute. Fuata kichwa, safisha mdomo na pua, kisha fungua kifua ili kiweze kutanuka.