Duka la Vitabu Halikuuawa na Simu

Mwenyekiti, asante. Wakubwa, shikamooni. Waliotoka Rungwe na Kyela, mugonile. Naona baadhi yenu mmekaa jirani na mlango, nyinyi mnanijua. Mmeshanisikia nikiyasema haya msibani, mmenisikia harusini, na mmoja wenu nilimbana kwenye foleni ya benki. Leo angalau nimealikwa, na mada ni kwa nini maduka ya vitabu ya miji kama wetu yanafungwa. Wengi husema yameuawa na simu; mimi nasema hapana.

Niliuza vitabu hapa Mbeya, Uhindini, kuanzia 1998 hadi 2017. Fremu yangu ile sasa ni ofisi ya kubeti. Juzi nilipita nikachungulia: vijana kama kumi na wawili, kila mmoja kainamia karatasi ya mechi, kimya, kalamu mkononi. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kupata wasomaji makini kiasi kile kwa wakati mmoja. Kwa hiyo atakayesimama hapa kuniambia kwamba Mtanzania hapendi kusoma, nitamlipia bajaji akaone.

Niwasimulie habari ya mzee mmoja. Ndiyo, najua mmeisikia, lakini wageni wapo.

Alikuwa mstaafu wa reli ya TAZARA, makazi yake Iyunga. Kila Jumamosi saa nne anaingia na koti lake la baridi, anavua kofia, anasalimia, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu. Anatoa riwaya moja ya upelelezi, anaifungua palipo na njiti ya kiberiti, anasoma akiwa amesimama. Msomaji wa polepole, midomo inacheza. Saa sita anarudisha njiti mahali pake, anarudisha kitabu, anaaga. Hanunui hata kalamu.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeshika hesabu. Jumamosi ya tatu akaninong'oneza, "Mama Neema, huyu mzee anatumalizia kitabu." Nikamwambia kitabu si sabuni, hakiishi kwa kushikwa. Jumamosi ya tano akasema kurasa zimeanza kulegea. Jumamosi ya saba akatoka stoo na kiti, akamwekea mzee. Nikasema moyoni, kumbe mume wangu ana huruma. Kumbe alikuwa amepiga hesabu zake: mzee akikalishwa kama mgeni rasmi ataona haya, atanunua. Mzee akakaa, akashukuru, na siku hiyo akasoma hadi saa nane.

Jumamosi ya tisa mzee hakukikuta kitabu. Nilikuwa nimekiuza mwenyewe, Ijumaa jioni, kwa dereva wa lori ambaye gari lake lilikwama gereji akingoja spea, hana la kufanya. Habari ya njiti ilikuwa imenitoka kabisa. Mzee akaingia, akaenda rafu ya tatu, akapekua, akaja kaunta mikono mitupu. Akaniuliza kwa upole uleule, "Mama, kitabu changu kiko wapi?"

Kitabu chake! Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilishindwa kucheka, maana mzee alikuwa amebakiza kurasa kama thelathini na muuaji hajajulikana. Akaniuliza, "Wewe umekisoma?" Nikasema nimekisoma. Akanyoosha kiganja hivi: "Usiniambie." Akalipia nakala nzima palepale. Nikaagiza Dar, ikaja na basi baada ya siku kumi na mbili, na siku zote hizo alikuwa anapita kuuliza. Ilipofika hakuwa na subira ya kwenda nayo nyumbani, akaimaliza kwenye kiti chake. Tangu hapo mpaka anafariki alinunua kwangu vitabu kumi na vinne, na wajukuu zake nao wakawa wateja. Yule dereva alipita tena miezi miwili baadaye. Alitaka kujua ile njiti ilikuwa ya nini.

Naona mtu anajiuliza mzee huyu anahusiana vipi na mada. Huyo ndiye mada. Mnunuzi wa riwaya hazaliwi, anatengenezwa kwa Jumamosi nane za bure. Na mwenye duka anayeweza kuvumilia Jumamosi nane ni yule ambaye kodi ya fremu imeshalipwa na kitu kingine. Kitu hicho kilikuwa kitabu cha shule.

Hapa ndipo huwa nasikia watu wakianza kuangalia saa, kwa hiyo naomba mvumilie kidogo. Duka la vitabu katika mji kama wetu halijawahi kuishi kwa riwaya. Mwaka 1991 serikali iliwafungulia wachapishaji binafsi mlango wa vitabu vya shule. Mwaka 2002 ukaja MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, shule zikapata ruzuku na zikachagua vitabu zenyewe. Mwalimu mkuu anatoka Chunya au Ileje, anakuja kaunta na orodha mfukoni, tunahesabu pamoja, tunabishana bei, anapakia. Katika kitabu cha 5,000 mchapishaji alinipa punguzo la asilimia 25, yaani 1,250. Humo nitoe usafiri wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, na mlima Kitonga uko njiani, nitoe fremu, leseni, na msichana wa dukani. Kinachobaki ni kidogo, ila katoni zilikuwa nyingi. Faida ya Januari ndiyo iliyomkalisha mzee kwenye kiti mwezi Juni.

Kisha zikaja fedha za rada. Mnazikumbuka: pauni milioni 29.5 zilizolipwa na BAE Systems ya Uingereza kwa sababu ya biashara ile ya rada waliyoiuzia serikali yetu, iliyozua kashfa. Ikaamuliwa zinunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Nani angepinga? Mimi nilishangilia, kwa muda wa siku mbili hivi. Vitabu vilinunuliwa kwa mkupuo kutoka kwa wachapishaji na kupelekwa wilayani bila kupita dukani. Nikasema sawa, ni mara moja tu, ni bahati ya rada. Haikuwa mara moja. Baadaye kazi ya kutunga na kuchapisha kitabu cha kiada ikarudi Taasisi ya Elimu, kitabu kimoja kwa somo moja, nchi nzima. Katika ruzuku ya 10,000 ya mwanafunzi wa shule ya msingi, ile 4,000 ya vitabu ikabaki juu serikalini, haikufika shuleni. Mwalimu mkuu wa Ileje bado alikuja mjini, akanisalimia vizuri tu, akanunua boksi la chaki.

Mwalimu hapo mbele ameanza kutikisa kichwa. Nakujibu kabla hujauliza. Sisemi mtoto arudi kununua kitabu cha kiada. Mtoto apewe bure, na apewe chake mwenyewe badala ya kuchangia na wenzake watano. Nasema hivi: kitabu hicho kikitoka Dar lazima kipite mahali fulani. Kinapita stoo ya halmashauri, kinakaa na magunia na matairi chakavu. Kwa nini kisipite dukani, mwenye duka akalipwa ujira mdogo wa kugawa? Mbolea ya ruzuku hapa Nyanda za Juu inapita kwa mawakala, mkulima anaifuata dukani. Kitabu kimekosa nini ambacho mbolea inacho?

Haya, simu. Kila mkutano lazima mtu aseme simu. Hesabu zangu zilianza kushuka wakati wateja wangu wengi bado wana simu za tochi. Tena vitabu vingi vya Kiswahili nilivyouza, hata leo ukivitafuta kwenye simu huvipati. Kilichoniuma kuliko simu ni mashine ya fotokopi. Nakala moja inaingia chuoni Septemba, mpaka Oktoba imezaa madesa sitini. Na msinipigie makofi, maana mwishoni hata mimi nilinunua mashine hiyo. Niliweka kibao cha steshenari, na fundi akakosea herufi moja. Kijana wa chuo akaniambia kwamba kwa Kiingereza sasa kinasomeka "kilichosimama palepale". Nikamwambia akiache, hajakosea sana.

Mwingine atasema, mbona maduka ya vitabu vya dini yapo? Yapo, na nafurahi. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891. Kanisa lina jengo lake, halimlipi mtu kodi ya miezi sita mbele, na lina wasomaji wanaokutana kila Jumapili. Nipeni na mimi kwaya tatu na jengo, muone kama nitafunga.

Wachapishaji wa Dar nao wana lao. Zamani walinipa mali kauli: nauza, nalipa, nisichouza narudisha. Wenzangu wachache wa mikoani wakala fedha wakazima simu, nasi tuliobaki tukaambiwa tulipe taslimu kabla katoni haijapanda basi. Muuza chipsi anarudisha mtaji jioni ileile. Riwaya inaweza kukaa rafuni miaka miwili ikimngoja mtu wake. Ukiilipia taslimu, utaagiza zipi? Utaagiza zile kumi unazojua zitatoka, na mteja akikuta ni kumi zilezile kila mwezi, anaacha kuja.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Sawa. Nilikuwa na la Mgololo: miti tunayo Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote la miti la serikali, kiwanda cha karatasi tunacho hapohapo Mufindi, ila kinachotoka sana ni karatasi za kufungashia, si za vitabu. Hilo linataka siku yake.

La maktaba naliruka, maana nikilianza hamtakunywa chai.

La tuzo nitaligusa tu. Tangu 2023 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, jambo zuri kabisa, na vitabu vya washindi vinachapishwa kwa gharama za serikali vipelekwe shuleni. Mwalimu wa Tukuyu aliyemaliza shule zamani na mfukoni ana hela yake, anataka kununua kimojawapo. Aende wapi? Mwezi uliopita aliniuliza mwalimu wa namna hiyo. Nilimwelekeza Dar, mimi, niliyekuwa na rafu tisa hapa Uhindini.

Kile kiti bado ninacho nyumbani. Karibuni maswali. Wewe kijana wa nyuma uliyeinua mkono tangu mwanzo, kama swali lako ni la simu, ushushe.