Harry Chapin: Mwimbaji wa Visa na Vita Vyake Dhidi ya Njaa

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa muziki, na ndugu zangu nyote mliohudhuria,

Nilipoombwa nizungumze juu ya wajibu wa msanii kwa jamii yake, jina lililonijia mara moja lilikuwa la Harry Chapin wa New York, mwimbaji ninayempenda tangu ujana wangu na ambaye kwetu huku hatajwi kadiri anavyostahili. Wengi wanaomkumbuka husema alikuwa mwanamuziki aliyekuwa pia na moyo wa kutoa, kana kwamba hayo ni mambo mawili. Mimi nashikilia kuwa lilikuwa jambo moja: usikivu uliomwezesha kutunga visa vya watu wasiojulikana ndio uliomzuia kunyamaza mbele ya watu wenye njaa.

Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1942 katika ukoo wa wasanii. Baba yake, Jim Chapin, alikuwa mpiga ngoma wa jazi aliyeandika kitabu cha mafunzo kinachotumiwa na wapiga ngoma hadi leo, na babu yake mzaa mama, Kenneth Burke, alikuwa mhakiki mkubwa wa fasihi. Kabla ya kusikika kama mwimbaji, Harry alitengeneza filamu, na moja kati ya hizo, iliyohusu mabingwa wa zamani wa ngumi za uzito wa juu, ilipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1972.

Katika albamu hiyo umo wimbo "Taxi", unaochukua karibu dakika saba wakati ambapo redio zilipendelea nyimbo za dakika tatu. Dereva wa teksi katika mji wa San Francisco anampakia abiria usiku wa mvua, kisha anatambua kuwa ni mwanamke waliyependana zamani; yeye alitaka kuwa rubani, mwanamke alitaka kuwa mwigizaji, na hapo wamekutana mmoja akiendesha gari la kukodi na mwingine akirudi kwenye nyumba ya kifahari isiyo na furaha. Wimbo wake uliovuma kuliko yote, "Cat's in the Cradle" wa mwaka 1974, uliofika nafasi ya kwanza Marekani, ulitokana na shairi la mkewe, Sandy, na unamhusu baba asiyepata muda wa kukaa na mwanawe.

Lakini niruhusuni nikae zaidi kwenye wimbo wake "Mr. Tanner", kwa kuwa ndani yake namwona Chapin mzima. Bwana Tanner ni dobi mwenye sauti nzito na nzuri, ambaye huimba akipanga nguo za wateja. Majirani na marafiki wanamshawishi aende akajaribu bahati yake kwenye ukumbi mkubwa wa New York, naye anatumia karibu akiba yake yote kulipia onyesho hilo. Wahakiki wanamwandikia mistari michache tu, ya kumvunja moyo. Anarudi kwao, na tangu siku hiyo haimbi tena, isipokuwa usiku wa manane, duka likiwa limefungwa na taa zimezimwa. Wapo waliosema kwamba Chapin aliwaliza wasikilizaji kupita kiasi. Mimi naona alifanya kazi ambayo msimulizi yeyote wa kweli anapaswa kuifanya: alimchukua mtu ambaye gazeti lilimmaliza kwa mistari minne, akamrudishia utu wake.

Mtu mwenye jicho la namna hiyo hawezi kuridhika na takwimu za njaa zinazosomwa kwenye taarifa ya habari. Mwaka 1975, yeye na Bill Ayres, aliyekuwa padri Mkatoliki na mtangazaji wa redio, walianzisha shirika la World Hunger Year. Mfano uliokuwa mbele ya wanamuziki wote wakati huo ulikuwa tamasha la mwaka 1971 la George Harrison, aliyekuwa wa bendi ya Beatles, la kuchangisha fedha kwa ajili ya Bangladesh, na hakuna anayeweza kulibeza tamasha lile. Hata hivyo, Chapin na Ayres walichagua njia ndefu zaidi. Waliamini kwamba njaa hailetwi na uhaba wa chakula peke yake, bali huzalishwa na umaskini na maamuzi ya watawala, na kwa hiyo msaada wa siku moja, hata uwe mkubwa namna gani, unawaacha wenye njaa palepale.

Alipiga takribani maonyesho 200 kwa mwaka, na karibu nusu yake yalikuwa ya kuchangia wengine. Onyesho lilipokwisha hakukimbilia hotelini, bali alibaki ukumbini akizungumza na watu na kutia saini vitu vilivyouzwa ili fedha ziende kwenye shirika. Pamoja na hayo alizunguka kwenye ofisi za maseneta na wabunge mjini Washington, akiwasihi na kuwasumbua bila kuchoka, mpaka Rais Jimmy Carter alipounda Tume ya Rais kuhusu Njaa Duniani mwaka 1978. Chapin aliteuliwa kuwa mjumbe, naye anakumbukwa kwa kuhudhuria vikao vyake vyote. Ripoti ya mwaka 1980 ilipendekeza kwamba kutokomeza njaa kuwe ndiyo shabaha kuu ya uhusiano wa Marekani na nchi zinazoendelea. Mwaka huohuo alianzisha Long Island Cares, benki ya kwanza ya chakula, yaani ghala la kukusanya chakula na kuwagawia wahitaji, katika eneo alilokuwa akiishi.

Tarehe 16 Julai 1981, siku ambayo jioni yake alitarajiwa kutumbuiza bila kiingilio katika bustani ya Eisenhower, gari lake liligongwa na lori kwenye barabara kuu ya Long Island, naye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 38. Tarehe 7 Desemba 1987, siku ambayo angetimiza miaka 45, alitunukiwa Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani kwa kazi yake dhidi ya njaa.

Ken Kragen, aliyekuwa meneja wake, ndiye aliyewaratibu wanamuziki wa USA for Africa, kundi lililorekodi wimbo wa kuchangisha fedha, mwaka 1985, njaa ilipokuwa ikiua watu Ethiopia, na alisema waziwazi kuwa Chapin ndiye aliyemtia msukumo wa kuifanya kazi ile. Long Island Cares bado inagawa chakula. World Hunger Year, ambayo sasa inaitwa WhyHunger, inaunga mkono harakati za wakulima wadogo, ikiwemo La Via Campesina, ambayo MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wa hapa kwetu Tanzania, ni mwanachama wake.